Rekodi ya Arobaini na Nane

Fundi alianza kumchukia Asali kabla hajamtia machoni. Alimsikia kwanza, na kusikia ndiko kulikomharibia siku. Mkewe alikuwa jikoni anakatakata vitunguu, simu ameiegemeza kwenye kopo la chumvi, spika wazi, na humo ndani kijana mmoja anamsomea maelezo ya somo alilolikosa asubuhi. Alikuwa anasoma mambo makavu kabisa, habari za hadhira na mrejesho, lakini kwa sauti ile hata orodha ya sabuni ingesikilizwa mpaka mwisho. Fundi alisimama mlangoni na bisibisi mkononi, akasahau alichofuata.

"Huyo nani?" akauliza, simu ilipokatwa.

"Mwenzangu wa darasani. Tunamwita Asali."

"Mnamwita nani na nani?"

"Darasa zima, baba watoto. Hata mwalimu."

Fundi akarudi sebuleni akakaa. Akajisemea moyoni kwamba mwanamume mzima anayekubali kuitwa Asali lazima ana kasoro mahali, na tangu siku hiyo akawa anaitafuta.

Mkewe alikuwa na miaka thelathini na minane, na huu ulikuwa mwaka wake wa tatu, wa mwisho, wa kusomea mawasiliano na vyombo vya habari chuo kikuu. Alisubiri binti wa pili aingie sekondari, ndipo akaomba nafasi. Na Fundi asisingiziwe: yeye ndiye aliyepanga foleni kumchukulia fomu, na yeye ndiye aliyewatangazia wateja wote dukani. "Mimi nazitengeneza redio kwa nje," alikuwa akiwaambia, "mama watoto anakwenda kukaa ndani yake." Wateja walicheka. Mwaka wa kwanza utani huo ulimnogea. Mwaka wa pili ukaanza kumkwaruza. Mwaka wa tatu akaacha kuusema, na mteja akimkumbushia hujitia kutafuta skrubu iliyoanguka chini ya meza.

Kama ungemuuliza kinachomsumbua, angekwambia ni kijana. Mke wa mtu na kijana wa miaka ishirini na mitatu, kila siku pamoja, wanabeba kinasa sauti kimoja huku na huko kama wamezaliwa tumbo moja. Hiyo ndiyo sababu aliyokuwa anajipa, nayo ilikuwa sababu ya heshima, ya kiume, hata jirani angeielewa. Ukweli ulikuwa umekaa chini zaidi, na ulikuwa wa aibu.

Miaka ishirini nyuma, kabla hajaoa, Fundi alikwenda kwenye kituo kimoja cha redio kujaribiwa sauti. Alikuwa na shati la kuazima na barua iliyokunjwa mara nne. Wakamkalisha kwenye chumba kidogo chenye kioo, wakampa karatasi ya habari. Akasoma sentensi mbili. Mtu wa upande wa pili wa kioo akainua kiganja, akasema asante, tutakuita. Hawakumwita. Mchumba wake alipomuuliza alikuwa wapi siku nzima, alisema alikwenda kutafuta vipuri. Mchumba ndiye mke huyu, na vipuri ndivyo vikawa kazi. Siri hiyo hakumwambia mtu, wala mkewe, kwa miaka kumi na tisa ya ndoa.

Lakini sauti haikufa, ilijificha dukani. Mafundi wengine wakitengeneza kitu cha kuzungumzia, kipaza sauti cha shule au simu au nini, hukijaribu kwa kusema moja, mbili, tatu. Fundi alikuwa na namna yake. Akiwa peke yake hutupa jicho mlangoni, hukisogeza kifaa mdomoni, halafu husoma taarifa ya habari. Anaitunga papo hapo, na mawaziri wake, na mvua zake, na matokeo ya mpira. Akimaliza anafuta, anafunga skrubu, anampigia mteja. Kitu kisichosomewa habari, kwake yeye, hakijapona.

Sasa basi, mwezi wa mwisho wa masomo, kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza kipindi kimoja cha nusu saa. Ndiyo kazi ya kufa na kupona: bila hicho kipindi humalizi chuo, unarudia mwaka. Mwalimu wao alikuwa mwanamke mkali mwenye taratibu zake. Hakutaka rekodi za simu. Alitaka wafanye wawiliwawili, mmoja anauliza, mwenzake anashika mashine, halafu wanabadilishana. Na alitaka kila rekodi iandikwe kwenye daftari palepale: namba inayoonekana kwenye kioo cha mashine, nani, wapi, dakika ngapi. "Mtu asiyejua alichorekodi hajarekodi kitu," aliwaambia, na mke wa Fundi akawa anayarudia maneno hayo nyumbani mpaka mabinti wakawa wanayatumia kwenye hesabu zao za nguo chafu.

Mke wa Fundi alimpata mtu wake. Bibi mmoja wa miaka themanini na moja ambaye ujana wake wote alikuwa anaunganisha simu za watu kwenye ubao wa waya, enzi ambazo hukuweza kumpigia mtu bila kupita mikononi mwa bibi huyu au mwenzake. Alijua nani alimposa nani, nani alimfukuza nani kazi, na miaka yote hiyo hakufungua mdomo. Kwa mke wa Fundi aliufungua. Siku nne mfululizo, mke wa Fundi anauliza, Asali ameshika mashine. Siku ya tano mtoto wa bibi alikuja kumchukua akaishi naye nchi nyingine, kwenye baridi, na bibi akaondoka na sanduku moja na mkongojo.

Na siku hiyohiyo ya tano chupa ya maji ikavuja ndani ya mkoba.

Mke wa Fundi alifika dukani mbio, kinasa sauti amekifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. Alikuwa hajahamisha kitu. Alipanga kuhamisha asubuhi ile, kwenye kompyuta ya chuo.

"Baba watoto," akasema, "humu ndimo yalimo maisha yangu."

"Kiache," Fundi akasema. "Nenda nyumbani. Ukinisimamia mkono utatetemeka."

Akaenda. Na Fundi, kwa haki yote, alifanya kazi safi. Alikifungua, akakikausha taratibu, akasafisha kutu iliyoanza kwenye vidole vya betri, akabadilisha kipande kimoja kidogo kuliko punje ya mchele. Saa sita mchana kioo kikawaka. Akakiunganisha na kompyuta yake na rekodi zikajipanga mbele yake, moja mpaka arobaini na saba, nzima, hakuna hata iliyokatika. Kitu cha kwanza akazinakili kwenye flashi yake, maana fundi mwenye akili haokoi kitu halafu akakiacha mahali pamoja. Mpaka hapo alikuwa mume mwema.

Halafu akavaa hedifoni. Alijiambia anakagua kama sauti imetoka sawa.

Sauti ilikuwa imetoka sawa. Mkewe alikuwa anajua kazi, na hilo ndilo lililomchoma kwanza. Alikuwa anauliza swali fupi, kisha ananyamaza, na ule ukimya wake ulimvuta bibi aseme ambayo hakukusudia kuyasema. Fundi hakuwahi kunyamaziwa hivyo nyumbani. Au labda aliwahi, na hakuwa na la kusema. Akasikiliza saa nzima, akasikiliza ya pili, shingo imemkakamaa, chai imepoa pembeni.

Rekodi ya arobaini na mbili, bibi alikuwa ameinuka kwenda kunywa dawa na mashine ikaachwa inazunguka. Asali akasema kitu kuhusu kofia ya yule mwalimu wao, mke wa Fundi akacheka. Akacheka kicheko kirefu, cha tumbo, ambacho Fundi alidhani kilikwisha zamani pamoja na ujana. Kisha Asali akauliza, kwa ile sauti yake ya kuteleza:

"Dada, shemeji anajua una kipaji hiki? Huwa unamsikilizisha?"

"Nani, baba watoto?" Mkewe alijibu bila ubaya wowote, hana hili wala lile. "Yule ni mtu wa mashine. Sauti hazimhusu. Ukimpa redio anaangalia waya."

Fundi akavua hedifoni.

Yaani bora angesikia wanaitana mpenzi. Hapo angejua la kufanya: angefoka, angesimama barabarani na suruali ya kazi, watu wangejaa, ingekwisha. Lakini hili angelipigia kelele kwa nani? Mke wake hakumtukana. Alimweleza tu, jinsi alivyomjua. Na kijana mwenye sauti ya kupewa bure na Mungu alikubali, akaguna "Aa," na kwa mguno huo Fundi akaona kiganja kimeinuliwa tena nyuma ya kioo.

Wivu ukimkamata mtu mpole humtuma kazi ndogondogo. Haukumwambia Fundi avunje kitu. Ulimwambia tu abonyeze. Akazichagua rekodi zote arobaini na saba kwenye mashine, akazifuta. Flashi akaitia kwenye kopo la skrubu, akazitikisa skrubu juu yake. Akajiambia ni kwa siku mbili tatu, watapata adabu, halafu atasema amezipata. Akafunga kifuniko cha kinasa sauti kwa mikono imara kabisa. Kisha, kwa kuwa kitu kisichosomewa habari hakijapona, na kwa kuwa mkono wa fundi haumuulizi mwenyewe ruhusa, akatupa jicho mlangoni, akabonyeza, akasogeza mdomo.

Siku hiyo alisoma vizuri kuliko siku zote. Hasira ilikuwa imemfungua kifua.

Hodi ikagongwa yuko katikati ya mvua za masika. Alikuwa Asali. Fundi akakisukuma kinasa sauti pembeni, kidole kikipapasa kitufe cha kuzima, na kwa mara ya kwanza akamwona mtu wake: kijana mwembamba, kola imechakaa, miwani imeungwa kwa gundi. Kasoro alizokuwa anazitafuta zilikuwa zote pale, na hazikumsaidia kitu.

"Shemeji, shikamoo. Imepona?"

"Marahaba. Mashine imepona," Fundi akasema. "Yaliyokuwemo yamekwenda na maji."

Asali akakaa kwenye stuli bila kukaribishwa. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Dada atalia," akasema. "Shemeji, mwambie wewe. Mimi siwezi."

Akamwambia. Na mkewe hakulia, angalau si mbele yake. Aliinama akaokota nyuzi kwenye kanga, moja moja, akauliza kama hakuna fundi mwingine wa kujaribu, na Fundi akasema hakuna. Mwalimu akampa mpaka Ijumaa: alete kipindi kingine, la sivyo tukutane mwakani. Bibi alipopigiwa huko aliko, mtoto wake akajibu kwamba amelala, safari imemchosha, na tena sasa hasikii vizuri kwenye simu.

Siku tatu zilizofuata Fundi alikuwa mwizi aliyefurahia kula. Mkewe alishinda nyumbani. Simu haikuegemezwa kwenye kopo la chumvi. Walikaa wawili mezani, walizungumza habari za mabinti na bomba linalovuja, na alimpakulia kwanza, kama zamani. Alijua ni kwa sababu amevunjika moyo, na bado kuna pembe ya roho yake iliyokuwa inasema: si hivi ndivyo inavyotakiwa? Kila asubuhi alikula kiapo kwamba leo atalifungua lile kopo. Kila jioni alisema kesho.

Alhamisi, saa nne asubuhi, mkewe akaingia dukani. Amevaa gauni lake la chuo, daftari kwapani, kinasa sauti shingoni kwa kamba yake. Akaondoa feni mbovu kwenye stuli, akakaa mbele yake.

"Sina mtu," akasema. "Nimezunguka, wote wanataka wiki ijayo. Nimefikiri usiku kucha. Nitakuhoji wewe."

"Mimi?"

"Miaka ishirini unatengeneza vitu ambavyo watu husikilizia. Mimi nasomea mawasiliano na sijawahi kukuuliza swali moja. Nimeona aibu, nikwambie ukweli. Zima hiyo redio."

Fundi akazima. Alijifuta mikono kwenye suruali, akasogeza kopo la skrubu mbali, akakaa wima. Mkewe akaweka kinasa sauti katikati yao juu ya kitambaa, akakigeuza mdomo wake umwelekee. Hakukuwa na kioo wala kiganja. Alikuwa mtu mmoja tu, amemkazia macho, anataka kumsikia. Fundi alikuwa tayari na sentensi yake ya kwanza.

"Ngoja niandike kwanza," mkewe akasema. Akafungua daftari, ukurasa wa mwisho ulioandikwa, akachora mstari. Akakiwasha kinasa sauti na kuinama kusoma namba kwenye kioo.

Kalamu ikabaki hewani.

Aliangalia daftari. Aliangalia kioo. Halafu akabonyeza kitufe cha kurudi nyuma, mara moja, kisha kitufe cha kusikiliza.

"...na sasa ni taarifa ya habari, msomaji wenu ni yuleyule mliyemzoea," ikasema sauti, na ilikuwa sauti nzuri, ya kujaa, kila neno limekaa mahali pake. Ikasoma habari za barabara iliyofunguliwa. Ikasoma za mvua. Kisha hodi, kishindo cha kitu kusukumwa, na kwa mbali, kabla haijakatika: "Shemeji, shika..."

Mke wa Fundi akakizima kinasa sauti.

"Mwalimu akikifuta chote upya, kinaanza moja," akasema. "Kikiharibika kikapoteza kumbukumbu, kinaanza moja. Ilitokea mwaka jana kwa wenzetu. Mtu akizichagua rekodi akazifuta kwa mkono wake ndipo kinaendelea kuhesabu." Akaweka kidole kwenye daftari. "Ya mwisho yangu ni arobaini na saba. Hii ni arobaini na nane."

Fundi alikuwa ametengeneza vinasa sauti miaka ishirini. Hilo alilijua kama anavyojua jina la mama yake, na hakulikumbuka.

Akavuta kopo, akamwaga skrubu mezani, akaitoa flashi akaiweka juu ya kitambaa. Ilikuwa na chembe za mafuta.

"Kwa nini?"

"Ulisema mimi ni mtu wa mashine. Ulimwambia yule. Sauti hazinihusu."

Ilimchukua muda kukumbuka. Alipokumbuka, alifumba macho kidogo. Halafu akafanya kile alichomfanyia bibi wa simu: alinyamaza, akangoja. Na Fundi, aliyekuwa amekusudia kuomba radhi, akajikuta anasema habari za shati la kuazima, na karatasi, na sentensi mbili, na kiganja, na vipuri ambavyo havikuwa vipuri. Hayakumchukua hata dakika tatu. Siku zote alidhani ni hadithi ndefu.

"Miaka kumi na tisa," mkewe akasema. "Nalala na wewe kitanda kimoja. Ningejuaje?"

"Usingejua."

"Na ungeniacha nirudie mwaka?"

Alitaka kusema hapana. Alizifikiria zile siku tatu, chakula alichopakuliwa kwanza, kiapo cha kila asubuhi.

"Sijui," akasema.

Mkewe akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu sahihi la swali baya. Akaifuta flashi kwa ncha ya gauni, akaitia mkobani. Akashika kalamu, akaandika kwenye daftari kwa mwandiko wake ulionyooka, na Fundi akausoma kichwa chini miguu juu: 48, fundi, dukani, sekunde hamsini na moja. Hakuifuta rekodi. Akavaa kamba shingoni, akasimama.

"Una sauti nzuri," akasema. "Nzuri kuliko ya Asali. Nakwambia hivyo kama mtu aliyesomea."

Hakuisema kwa upole wala kwa hasira. Aliisema jinsi wanavyopeana maksi, kisha akarudisha feni mbovu juu ya stuli na kutoka, na viatu vyake vikasikika mpaka kwenye lami.

Miaka ishirini Fundi alisubiri mtu amwambie maneno hayo. Sasa ameambiwa, na mtu anayejua anachosema, na hakuwa na haki ya kuyafurahia hata kidogo. Akaanza kuokota skrubu.

Alasiri mwalimu wa michezo wa shule ya jirani alileta kipaza sauti kilichokuwa kinakoroma. Lilikuwa tatizo la waya tu. Fundi akauchomelea, akafunga kifuniko, akatupa jicho mlangoni. Hapakuwa na mtu. Akakiwasha, akakisogeza mdomoni.

"Moja," akasema. "Mbili. Tatu."